Siku Nne Zilizojazwa

Kila asubuhi kabla ya shule, Chiriku alipanda kilimani na mama yake hadi kwenye mlingoti wa kupima upepo. Jina hilo alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mama alisoma kasi ya upepo, yeye akaandika daftarini. Kazi haikuwa ngumu. Kilichochosha ni kwamba haikuisha. Kwanza serikali ilitaka vipimo vya miezi mitatu ndipo ilete mitambo ya umeme wa upepo. Sera ikabadilika, ikawa miezi sita. Ikabadilika tena, ikawa mwaka mzima. Wakati huo wote zahanati haikuwa na umeme wa kuhifadhi chanjo.

"Ngoma ikigeuka, nasi tugeuze miguu," mama alisema, mkono kiunoni. "Ila miguu yenyewe imechoka, mwanangu."

Mwezi wa tisa mama aliugua malaria, Chiriku akaachiwa kazi. Siku mbili alipanda. Siku nne zilizofuata uchovu ulimshinda. Juu ya kila ukurasa wizara iliandika: "Jaza kila siku." Basi akajaza: nane, sita, saba, nane. Alijiambia kwamba upepo hauna mdomo wa kumsema.

Mwaka ulipotimia, mkaguzi wa wizara alikuja, akaketi sebuleni na daftari mapajani.

"Vipimo vikiwa sahihi, wilaya inaingia kwenye mpango," alisema. "Nikitia sahihi halafu kikagundulika hata kimoja cha kubuni, mwaka wote unafutwa."

Chiriku alimtazama mama, aliyekuwa amesinzia kidogo kitini. Kisha akamgeukia mkaguzi.

"Mjomba, usitie sahihi. Siku nne nimezibuni. Mama alikuwa mgonjwa, hajui. Iliandikwa jaza, nami nikajaza."

Mama alizinduka. Mkaguzi akavua miwani, akajisugua macho.

"Hii ni wilaya ya saba, na neno hilo 'jaza' limenitesa kote," alisema. "Siku tupu si kosa, binti. Siku ya uongo ndiyo kosa. Maadamu umesema kabla ya sahihi, zifute. Mtapima siku nne nyingine, kisha nitapitisha."

Chiriku alizifuta moja moja, machozi yakimlenga. Mama akamvuta karibu.

"Siku ukichoka, sema umechoka. Uchovu dawa yake ni kupumzika. Uongo je? Umeona, unaturudisha kilimani. Haya, vaa viatu, twende tukaanze ya kwanza."