Mahali pa Baba kwenye Boti

Sogeeni, sogeeni karibu. Mwenye kamasi apenge kwanza. Hadithi hii ina maji ya kutosha.

Huyu ni Kendi. Ana miaka saba, na pengo moja mbele.

Kendi alikuwa amelala ndani ya hema, chini ya Mlima Kenya. Miguu yake ilikuwa baridi. Huku alikuwa Mama. Huku alikuwa Mutwiri, kaka yake mkubwa. Na kule mlangoni hapakuwa na mtu.

Kila Desemba walikuja mlimani, na kila Desemba Baba alilala mlangoni. Mwaka huu Baba aliugua. Baba akafa. Wakamzika nyumbani, karibu na migomba.

Upepo ukaingia. Fuuu! Fuuu! Lakini hakuna aliyesogea kulala mlangoni.

"Mahali pa Baba ni pa Baba," alinong'ona Kendi. "Hapalaliwi, hapakaliwi."

Hata nyumbani kwao ni hivyo. Mtoto hakalii kiti cha Baba. Ukikikalia utasikia, "We! Shuka!"

Asubuhi walikunywa uji wa wimbi, wakateremka mtoni. Mto ulikuwa unapiga kelele. Shwaaa! Shwaaa!

Boti ya mpira ilikuwa inawangoja, nyekundu, imenona kama kiboko. Nahodha Kiragu aliwavalisha majaketi ya kuelea na kofia ngumu. Kofia ya Kendi iliteremka hadi puani. Msimcheke. Hata nyinyi ingewateremkia.

Mutwiri alikaa mbele, kulia. Mama akakaa nyuma yake. Kendi akakaa kushoto, nyuma, palepale anapokaa kila mwaka. Kila mwaka yeye hukaa nyuma ya Baba.

Leo mbele yake palikuwa wazi.

"Mama, hamia pale mbele," alisema Nahodha Kiragu.

"Hapana!" Kendi alipiga kelele. "Mahali pa Baba ni pa Baba! Hapakaliwi!"

Mama akabaki alipo.

"Haya basi," alisema Nahodha. "Mto wenyewe utatuambia."

"Piga kasia! Moja, mbili! Moja, mbili!"

Kulia walikuwa wawili, wenye nguvu. Kushoto alikuwa Kendi peke yake, na kasia refu kumpita.

Boti ikazunguka. Zuuu! Mlima ukawa mbele. Mlima ukawa nyuma.

"Kendi, piga!" alisema Mutwiri.

"Si napiga!"

Zuuu! Mlima mbele. Mlima nyuma.

Kisha maji yakateremka. Shwaaa! Boti ikaenda kinyumenyume, kama mbuzi anayekataa kupelekwa sokoni. Ikapanda juu ya jiwe. Kwaa! Ikakwama.

Mama akaweka kasia chini, akalia. Hakulia kimyakimya kama watu wazima. Alilia kwa sauti, kama Kendi anavyolia.

"Nimemkumbuka," alisema Mama. "Nimemkumbuka sana baba yenu."

"Hata mimi," alisema Mutwiri, na yeye akalia. Nahodha Kiragu akageuka, akatazama ndege mtini. Aliwaacha walie.

"Mama," aliuliza Kendi, "mtu akikaa pale, Baba atakuwa ameenda kabisa?"

Mama alimshika mkono. "Baba ameenda, mwanangu. Tukae pale, tusikae, ameenda."

Kendi akalia sana. Alilia mpaka kofia ikamwangukia machoni. Kisha akaisukuma juu, akapatazama pale mahali.

Akatambaa mbele, polepole. Akakaa.

Hakuna aliyesema, "We! Shuka!"

Palikuwa papana sana kwake. "Mama, njoo," aliita. "Kaa pangu, nyuma yangu."

Mama akahamia kushoto. Nahodha akakaa kulia. "Piga kasia! Moja, mbili! Moja, mbili!" Boti ikajitikisa, ikatoka kwenye jiwe, ikaenda mbele.

Wimbi likaja. Shwaaa! Likampiga Kendi usoni. Likaingia shingoni. Likafika hadi kwenye soksi. Jamani! Maji ya mlima ni baridi, acheni tu!

"Mama! Mbona mwaka jana sikulowa?"

"Mwaka jana ulikuwa nyuma ya Baba," alisema Mama.

Kendi akayatazama maji. Mwaka jana, na mwaka juzi, maji haya yote! Kumbe Baba alikuwa anayapokea yeye.

"Mama, na wewe umelowa?"

Mama alipangusa uso. "Kidogo tu."

"Kidogo tu!" Kendi alimwambia Mutwiri. Akashika kasia vizuri, akainama mbele. Wimbi lingine likaja. Shwaaa! Likampiga yeye kwanza. Alilia na kucheka pamoja, na kasia hakuliacha.

Jioni walianika soksi kwenye kamba ya hema. Walikula viazi vya kuchoma. Kisha wakaingia kulala.

Upepo nao ukaja. Fuuu! Fuuu!

Kendi aliamka, akabeba blanketi lake hadi mlangoni.

"We, unaenda wapi?" aliuliza Mama.

"Kulala mahali pa Baba. Ili mpate joto."

Mama alimtazama. Akamrudisha, akamfunika vizuri mpaka kidevuni.

"Maji umeyapokea wewe," alisema. "Upepo niachie mimi."

Mama akalala mlangoni. Upepo ukamgonga mgongoni. Fuuu. Ukajaribu tena. Fu. Haukupita.

Kendi alimkumbuka Baba, ikamuuma. Lakini miguu yake ilikuwa na joto. Akalala.

Hadithi yangu imelowa chepechepe. Ianikeni, nanyi mkalale.