Runinga Yangu, Kompyuta Yake, Mume Wangu

Wasomaji wenzangu, nina miaka ishirini na minne, nina mtoto mmoja wa kike anayeanza kutembea, na kidato cha nne nimemaliza. Nasema mapema ili mtu asije akaniambia nilidanganywa kwa sababu sikusoma. Nilidanganywa kwa sababu niliamini!

Baba yangu ni mkulima wa korosho kule Umwe. Aliponiozesha kwa Shabani wa Kibiti, alinipa runinga kubwa ya ukutani. Shabani ananunua miti ya kujengea kule Nyamisati na kuileta mjini. Akienda hulala huko siku mbili tatu. Sikuwahi kumuuliza kitu.

Zuhura ni shoga yangu tangu darasani. Yeye alikuwa na kompyuta, ile ya kufunika kama kitabu, mimi nina runinga. Tukapanga fremu ya duka karibu na stendi, tukafungua steshenari. Tuliiunga runinga na kompyuta kwa waya, ili mteja aione kubwa ukutani kadi yake ya harusi au picha yake ya pasipoti kabla haijatoka kwenye printa. Zuhura alikaa kwenye kompyuta, mimi upande wa wateja, mwanangu mgongoni.

Mwanzoni alichokiona yeye nami nilikiona. Halafu siku moja akaniambia ametenganisha: runinga ionyeshe kazi ya mteja aliye mbele yetu tu, mengine yote yabaki kwake. Watu wanaleta mambo ya mahakamani, wanaleta talaka zao, alisema, si vizuri kuwaanika ukutani. Nikamsifu! Nikasema shoga yangu ana utu... Utu gani?

Toka hapo akawa anatazama kompyuta na kucheka peke yake. Mama mkwe wangu naye akazoea kuja dukani. Haketi kwangu mimi mkamwana wake. Anazunguka meza, anabanana na Zuhura, wananong'ona. Mimi nikafurahi kwamba mkwe anampenda rafiki yangu. Jamani, mtu anaweza kuwa kipofu na macho anayo?

Kisha Zuhura akaomba ruhusa, eti shangazi yake mgonjwa Nyamisati. Wiki hiyohiyo Shabani naye alikuwa huko kwenye miti yake. Nikampa Zuhura sukari na khanga yangu mpya ampelekee mgonjwa! Alirudi na hina mikononi, akasema wapwa zake ndio waliompaka. Nikaamini na hilo.

Siku yenyewe ilikuwa ya gulio, duka limejaa. Mama mmoja wa Nyamisati alikuwa anasubiri picha za mjukuu wake. Nikazunguka meza kuchukua mkasi. Zuhura kuniona tu, akaifunika kompyuta, pa! Alisahau kitu kimoja: mwenyewe ndiye aliyeiseti isizimike ikifunikwa, ili printa isikatike kazi. Alichokuwa anakitazama kikahamia chote kwenye runinga.

Nikageuka.

Shabani wangu pichani, kanzu na koti jeusi. Pembeni yake Zuhura, amerembwa mpaka kope. Na nyuma yao mama mkwe wangu, kajitanda khanga yangu!

"Hee! Bwana harusi wetu huyo!" yule mama wa Nyamisati akapiga kelele, akamgeukia Zuhura. "Pilau lake nimelila mimi! Kumbe bibi harusi ni wewe, mwanangu? Ulivyorembwa siku ile, nani angekujua!"

Mwanangu akanyoosha kidole ukutani, "Baba! Baba!" Yule mama akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akaziba mdomo.

Zuhura hakulia wala hakuniomba radhi. "Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia, shoga." Shoga! Bado ananiita shoga!

Nilipomkabili Shabani alisema dini imemruhusu wanne. Najua, madrasa nimekaa kama yeye. Lakini dini gani ilimfundisha mkewe amlelee mchumba wake dukani, na sukari ya harusi atoe yeye? Mama mkwe akaniambia nishukuru, maana si kila mtu anapata mke mwenza aliyekwisha kupatana naye. Kupatana!

Nimerudi Umwe kwa wazazi. Wazee wa upande wake wamekuja na kitenge na maneno matamu. Baba aliwapa chai, mimi nikawapa jibu: nataka talaka yangu. Shabani hajaitoa, anasema hasira zitaisha. Hazitaisha! Nitakwenda kwa kadhi.

Dada zangu, sisemi msiwe na mashoga. Ila mkifanya kazi pamoja, jifunze chombo chote, usikubali kuchaguliwa cha kutazama. Na mkwe akianza kumpenda rafiki yako kuliko wewe, usichekecheke kama mimi. Uliza! Uliza hata wakikuita mwenye wivu. Mimi nilinyamaza nionekane mke mwema, na leo mwanangu akisikia pikipiki inasimama nje anakimbilia mlangoni kumpokea baba yake... Nani atamwambia? Ni mimi tena.