Jina la Kompyuta ya Chumbani

Kila akitoka shule, Khairiya alivua viatu, akala, kisha akaenda kuziangalia kompyuta za mama yake. Ilikuwa mwaka 1998, na pale Nguvumali nyumba yenye kompyuta hata moja ilisimuliwa mtaa mzima. Yao zilikuwa mbili, za mtumba. Moja ilikaa sebuleni, ambako mama yake, Rahila, alichapa kadi za harusi. Nyingine ilikaa chumbani kwa bibi, pamoja na printa. Mjomba Hatibu, aliyetoka kwake Pongwe kuja kuwasaidia, aliziunganisha kwa waya uliopita nyuma ya kitanda cha bibi, akaipa ile ya pili jina CHUMBANI, ili ya sebuleni ijue pa kuita.

Alhamisi hiyo Khairiya aliliona jina hilo limepooza. Akalifuta, akaandika SEMENI, jina la bibi yake, akaizima kompyuta na kuiwasha. Kisha akaenda zake kucheza rede.

Aliporudi, mjomba alikuwa uvunguni mwa kitanda, bisibisi mdomoni. Kadi mia mbili zilitakiwa jioni ile, na haikutoka hata moja.

"Ya sebuleni inaita, ya chumbani haiitiki," mama alisema. "Kesho ung'oe waya wako, Hatibu, urudi nao Pongwe."

"Waya mzima, dada."

"Mzima, na kadi ziko wapi?"

Khairiya alitaka kunyamaza. Lakini mjomba ndiye aliyemfundisha kompyuta. Akirudi Pongwe, basi tena.

"Mama, si waya," akasema. "Nimebadili jina. Sasa inaitwa kama bibi."

Mjomba alicheka, akagonga kichwa kwenye chaga za kitanda. "Basi rahisi, dada. Andika Semeni kwenye ile ya sebuleni."

Mama alificha mikono nyuma. Miaka kumi na minne ya ndoa, hajalitamka jina la mama mkwe wake. "Niliandike mimi? Bora kadi nizichore kwa mkono."

"Hata mimi sitaki," alisema Bibi Semeni, amekaa palepale kitandani, miguu yake imeziba uvungu. "Nizimwe na kuwashwa kama taa ya barazani?"

Khairiya akarudisha CHUMBANI. Kompyuta ilipowaka upya, printa ilikohoa, ikatema kadi ya kwanza.

"Jina ni la wanaoliita, mjukuu wangu," bibi alimwambia. "Ukilibadili, waambie. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwenzio hajalala uvunguni kwa kosa lako."

"Nimesikia, bibi. Nisamehe, mjomba."

"Nimekusamehe," sauti ilijibu kutoka chini. "Sasa mwambie bibi ainuke, nitoke."