Taa za Gari la Marehemu

Rafiki yangu, fundi umeme wa magari, alikaza nati ya mwisho huku akimcheka mteja aliyetaka kununua gari aliloachiwa yeye fundi na marehemu mkewe.

“Taa kupepesa tu, bosi, ushaanza kutaja majini? Waya wa hasi ulishika kutu, nimeusugua. Njoo kesho ulichukue, mwoga wee!”

Mteja alipoondoka, fundi alichomoa betri, akaiweka benchini, akafunga mlango wa gereji. Gizani pakalia tik, tik. Taa zikapepesa mara mbili, zikatulia, zikapepesa tena, kama mkewe alivyozoea kumwashia nje ya geti ili amfungulie, naye fundi ndani akijifanya haoni.

Asubuhi alimwambia mteja gari haliuzwi, kisha akaenda nyumbani kung'oa geti.