Mgeni Mmoja wa Elvire Nahimana

Katika sala ya Jumapili iliyofanywa kwa video ya simu, Agosti 2021, walikuwepo Callixte, mzee wa kanisa, aliyeongoza. Honorine, mke wake, kando yake. Muema, nesi, Mkenya pekee katika kundi lile la Warundi. Gloriose Ninahazwe, Mama Fiacre, wa mtaa wa Quakers Hill. Na Elvire Nahimana, naye wa Quakers Hill, mjane asiye na mtoto, anayeishi peke yake. Nyuma ya Elvire, karibu na pazia, alikuwepo mwanamke mwingine.

"Dada Elvire, una mgeni na hutuambii?" Muema alitania. "Mwambie asogee tumwone. Hatuumi."

Elvire aligeuka, akatabasamu. "Anaona haya."

Gloriose hakucheka. Siku zile za lockdown, watu walipofungiwa majumbani kwa ajili ya ugonjwa, mtu aishiye peke yake aliruhusiwa kuchagua mgeni mmoja tu wa kuingia kwake, na Elvire alikuwa amemwomba yeye. Nyumba zao zilitenganishwa na reli tu. Lakini Gloriose alifanya kazi ya kuhudumia wazee, akaogopa kuwapelekea ugonjwa. "Tungoje kidogo," alisema. Kidogo kikawa majuma.

Baada ya sala alimpigia.

"Ni nani huyo?"

"Wa kazini," Elvire alijibu kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na anayelala.

Karakana ya Wetherill Park alikofanya kazi ilikuwa imempa kazi ya nyumbani. Ilitengeneza bruchi za shaba, yaani vibanio vya nguo vyenye sindano nyuma, kubwa, zenye umbo la gamba la kobe, nakala za zile ambazo wanawake wa Waviking, watu wa kale wa kaskazini mwa Ulaya, walivaa, moja kila bega, kushika kamba za gauni. Walizinunua wanawake wapendao kuvaa kama watu wa kale. Elvire alitunga shanga za kuning'inia kati ya bruchi mbili. Kalibu ya bruchi hizo, aliambiwa, ilichukuliwa kwa bruchi iliyotoka kaburini.

"Nilivaa jozi moja juu ya kitenge, nione zinavyokaa," alisema. "Nikapanga sahani mbili mezani. Nikasema kwa sauti, mgeni wangu ni yeyote atakayekuja. Akaja."

"Anasemaje?"

"Hasemi, Mama Fiacre. Anasikiliza."

Ndani ya simu shanga ziligongana, taratibu, moja baada ya nyingine.

"Acha kuchezea hizo shanga."

"Mikono yangu iko mfukoni," alinong'ona Elvire.

Gloriose alipomweleza, Callixte alifunga Biblia yake. "Hilo ni jini, na limeingia kwa kukaribishwa," alisema. "Sala ya simu haitalitoa. Elvire mwenyewe alikatae kwa kinywa chake, mbele ya mtu anayemchagua badala ya hilo jini. Nenda."

Kesho yake mchana Gloriose alivuka reli. Mlango ulikuwa wazi, na kabla hajaingia ilimjia harufu ya sufu mbichi na moshi na udongo uliofukuliwa, ikapenya barakoa yake kana kwamba hakuivaa, na huko ndani, mezani, aliona mgongo wa mwanamke mrefu ambaye gauni lake lilikuwa limeteleza mabega yote mawili kwa kukosa cha kulishika, na mbele yake Elvire amekaa wima, amekonda, bruchi zinang'aa mabegani, na sindano za bruchi hizo zilikuwa zimepita kwenye kitenge na kwenye ngozi pia, bila tone la damu.

Gloriose alivua barakoa. "Elvire, mdogo wangu, nimekuja. Nichague mimi. Mkatae huyu."

"Nilikuita."

"Najua. Nimekuja sasa."

"Yeye alikuja siku niliyoita." Hakusema kwa hasira. Aliinua mkono kwenye bega, akagusa sindano, na midomo yake ikaanza kutetemeka kama mtu anayetaka kutamka jina. Kisha yule mwanamke mrefu aliinamisha kichwa, kwa upole, kusikiliza, na Elvire akashusha mkono.

"Rudi kwa wazee wako, dada," alisema. "Wanakungoja."

Mlango ulifungwa bila mtu kuugusa. Gloriose aliupiga kwa ngumi, akaita, akasali, akalia, na kutoka ndani alimsikia Elvire akiongea Kirundi, akicheka, akisimulia habari za marehemu mume wake kama mtu aliyenyamazishwa kwa miaka, na sasa mwenzake alikuwa akimjibu, na sauti iliyojibu ilikuwa ya Gloriose mwenyewe.

Elvire Nahimana alifariki Jumatano, tarehe 8 Septemba 2021, akiwa na umri wa miaka hamsini na saba.