Koki ya Tangi la Uani

Kila asubuhi kabla ya chai, Tekla na bibi yake husoma Biblia sebuleni mwao, Mkunazini. Bibi husoma ukurasa mmoja tu, kisha huweka njiti ya kiberiti pale alipoishia. Tekla aliuona mwendo huo kuwa wa kuchosha. Yeye alikuwa na njia yake ya mkato: hufumba macho, hufungua popote, huweka kidole. Mstari utakaoguswa, basi ndio jibu.

Jumapili moja alilihitaji jibu kwelikweli. Jana yake alichota maji kwenye tangi la uani, wanalotumia pamoja na jirani yao Bi Mwanapili, akaiacha koki wazi. Maji yote yakamwagika, na ya bomba yasingefika hadi Jumatatu. Kumbe alasiri ya Jumapili hiyohiyo Bi Mwanapili alikuwa na khitma ya marehemu mumewe! Watu wangetawadha kwa maji gani? Wali ungepikwa kwa maji gani?

Lawama zikamwangukia binti yake, Shemsa, kwa kuwa kuchota maji ni kazi yake.

"Hata khitma ya babaako, Shemsa!" sauti ya Bi Mwanapili ilisikika hadi sebuleni. "Hata siku hii moja umeshindwa kumstahi?"

"Wallahi mama, nilifunga!" Shemsa alilia kama siku aliyofiwa. Tekla alikisikia kilio chote, na roho ilimuuma.

Akafumba macho, akafungua Biblia. Kidole kikaangukia majina ya watu wa kale. Akafungua tena: habari za ngamia. Mara ya tatu akakuta sifa za mtu anayeuzuia ulimi wake. Ahsante Mungu! Basi anyamaze.

"Tekla!"

"Naam, Bibi."

"Umefungua mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Mbili za mwanzo hukuzipenda?" Bibi akakaa karibu naye. "Mjukuu wangu, unatafuta neno la Mungu, au unatafuta pa kujificha?"

Tekla akaangua kilio, akasema yote. Bibi hakumgombeza. Alifungua penye njiti, akamwambia asome. Hapo Yesu alikuwa akifundisha kwamba ukipeleka sadaka, ukakumbuka kuwa ndugu yako ana jambo nawe, uiache kwanza ukapatane naye.

"Lakini Bibi, Bi Mwanapili atanichukia."

"Huenda. Ila Shemsa analia kwa kosa lisilo lake, tena siku ya babaake."

Kengele ya kanisa ikalia. Tekla akaiacha sadaka yake mezani, akavuka ua.

"Shikamoo, Bi Mwanapili. Koki niliiacha wazi mimi. Shemsa hana kosa."

Bi Mwanapili alimtazama juu hadi chini. Kisha akamgeukia binti yake. "Njoo, mwanangu. Nimekudhulumu. Babaako hukumvunjia heshima." Akamkumbatia. Kwa Tekla alisema tu, "Ndoo zile pale."

Tekla alibeba maji kutoka kisima cha mtaa wa nyuma, na gauni lake la kanisani likalowa chepechepe. Safari ya nne, Shemsa akaja akashika upande wa pili wa ndoo. Kabla ya alasiri mapipa ya Bi Mwanapili yalijaa, na khitma ikasomwa.

Jioni Bi Mwanapili alileta sahani ya wali. Bibi aliipokea, akamwambia mjukuu wake, "Biblia si ya kupigia ramli. Isome taratibu, na ikikwambia usilolitaka, litende. Hiyo ndiyo hekima. Haya, sasa chukua sadaka yako, tuwahi ibada ya jioni."