Wauguzi Wawili wa Dona Filomena

Nyumba yetu hapa Hamilton ina majiko mawili, kama nyumba nyingi za Wareno. La ghorofa ya juu linang'aa, ni la wageni. La chini ndilo la kupikia.

Alhamisi moja mama mkwe wangu, Dona Filomena, alikuwa chini akikata sukuma wiki ya supu. Ghafla damu ikamtoka puani. Nikambana pua. Dakika kumi zikapita, damu haikukoma. Mikono yake ilikuwa na madoa meusi.

"Mama, umejigonga wapi?"

"Sijajigonga. Uzee tu, Lurdes. Hebu menya viazi."

Uzee gani huo!

Wakati huohuo Anjali, muuguzi wa kliniki ya mtaa, akaingia kwa mlango wa chini. Ilikuwa siku yake. Alipoona damu akauliza, "Unameza dawa gani?"

Mama akamwonyesha chupa moja. "Hii tu."

"Mama," nikasema, "na zile za juu?"

"Nyamaza wewe!"

Sikunyamaza. Nikapanda mbio, nikaleta vidonge na faili la Colleen, muuguzi wa hospitali. Yeye huja Jumatatu, na mama humpokea jiko la juu.

Anjali akasoma. Uso ukambadilika.

"Dona Filomena, hizi zina majina mawili, lakini kazi ni moja. Zote zinazuia damu kuganda. Ukizimeza pamoja unaweza kuvuja damu hata kichwani. Lurdes, ita ambulensi. Sasa hivi!"

Mama akaanza kulia. "Niliogopa. Nilidhani wa hospitali wakijua mnakuja, wataacha kuja. Na nyinyi pia."

"Hakuna atakayeacha," Anjali akasema. "Na sisi tumekosea. Wao wana faili lao, sisi letu. Hatujawahi hata kupigiana simu."

Njia nzima nilimshika mama mkono. Niliogopa sana, sitaficha. Madaktari waliisimamisha dawa moja, wakamlaza siku tatu.

Aliporudi, Anjali, Colleen na mfamasia wa mtaa walikaa meza moja, nyumbani kwetu. Wakatengeneza faili moja lenye orodha moja ya dawa. Kila anayekuja anaandika humo.

"Usitufiche dawa yoyote," mfamasia akasema. "Hata ya dukani, hata ya mitishamba. Ukipata mpya, nipigie kabla ya kuimeza."

Mwezi uliofuata goti lilimuuma mama. Daktari mwingine akampa vidonge. Mama alikuwa tayari ameshika glasi ya maji.

"Tumpigie mfamasia kwanza," nikasema.

"Lo! Kwa kidonge cha goti?"

Akapiga, amenuna. Sauti ya mfamasia niliisikia hata mimi. "Usikimeze! Ukikichanganya na ile ya damu, utavuja damu tumboni. Ngoja niongee na daktari akubadilishie."

Mama akaweka glasi mezani polepole.

"Lurdes," akasema, "kidogo tu ningekimeza."